Mfadhili na Mdhamini

Wanafunzi wetu wa uchumi wana neno ambalo mimi, niliye mwalimu wa lugha tu, siwezi kulinyamazia. Wanapoandika juu ya zile kampuni mbili kubwa za mikopo ya nyumba za Marekani, Fannie Mae na Freddie Mac, huziita "mashirika ya fedha yanayofadhiliwa na Serikali". Nimelikuta neno hilo katika tasnifu, nimelisikia katika mihadhara, na kila mara hupita kana kwamba halina kasoro. Lina kasoro kubwa. Kufadhili ni kumtendea mtu hisani. Mfadhili hutoa kwa hiari yake. Akipenda huongeza, akichoka huacha, wala hakuna kadhi atakayemwita barazani kwa sababu ameacha. Mdhamini ni mtu mwingine kabisa. Yeye amesimama mbele ya mdai akasema: huyu asipolipa, nitalipa mimi. Siku ya kulipa ikifika hana pa kukimbilia. Kwa muda wa miaka arobaini kampuni zile mbili ziliwaonyesha raia wa Marekani uso wa ufadhili, na zikawaonyesha wakopeshaji uso wa dhamana. Tafsiri yetu imeupokea uso wa kwanza bila ya kuuliza habari za uso wa pili.

Nitaambiwa kuwa haya ni mabishano ya maneno. Nakubali. Lakini maneno haya yaliitoa Hazina ya nchi ile dola bilioni 191, na kwa fedha za kiasi hicho si vibaya mtu kufungua kamusi.

Habari yenyewe ni ndefu, na lazima isimuliwe kwa utaratibu, maana aibu yake imo katika mwendo wake. Mwaka wa 1938, katika utawala wa Rais Franklin Roosevelt, nchi ikiwa bado haijapona majeraha ya mporomoko wa biashara, Serikali iliiunda Fannie Mae. Kazi yake ilikuwa njema na nyepesi kuifahamu. Benki ikimkopesha mtu fedha za nyumba, nyumba huwekwa rehani, na fedha za benki hufungika ndani ya rehani hiyo kwa miaka ishirini au thelathini. Fannie Mae ilikuja kuinunua rehani ile; benki ikapata fedha zake, ikaweza kumkopesha mtu wa pili na wa tatu. Wakati huo shirika lilikuwa mali ya Serikali, deni lake lilikuwa deni la Serikali, na hapakuwa na fumbo lolote.

Fumbo lilianza baadaye. Mwaka wa 1954 sheria ilianza kuingiza mitaji ya watu binafsi. Mwaka wa 1968 Serikali ya Rais Lyndon Johnson, iliyokuwa imebanwa na gharama za vita vya Vietnam, iliona kwamba madeni ya Fannie Mae yanaiharibia sura hesabu yake ya mwaka. Deni halikupunguzwa, lilihamishwa daftari. Shirika likawa kampuni ya wenye hisa, likatoka katika bajeti, na siku ya pili yake watu waliamka wakaambiwa kuwa hilo si deni lao tena. Mwaka wa 1970 Bunge lilizaa ndugu wa pili, Freddie Mac, na mwaka wa 1989 yeye naye akapewa bodi ambayo wajumbe wake wengi huchaguliwa na wenye hisa.

Lakini ndugu hawa hawakutoka nyumbani mikono mitupu. Hawakutozwa kodi ya mapato na majimbo wala miji. Hawakulazimishwa kuziandikisha hati zao za deni mbele ya tume inayosimamia masoko ya mitaji, kama kampuni nyingine zilivyolazimishwa. Hazina iliruhusiwa kununua madeni ya kila mmoja wao hadi dola bilioni 2.25. Rais wa nchi aliteua wajumbe watano katika bodi ya kila kampuni, wenye hisa wakachagua kumi na watatu. Ni mtoto gani aliyehama kwa baba yake huku ufunguo wa ghala la baba umo kiunoni mwake?

Hapa ndipo mtu wa lugha anapoombwa asogeze kiti. Sheria iliziamuru kampuni hizi zichapishe juu ya hati zao za deni maneno ya kusema kwamba deni hilo halikudhaminiwa na Marekani, wala si deni la Marekani. Maneno hayo yalichapishwa mara elfu kwa maelfu, na waliokusudiwa kuyasoma hawakuyasadiki. Sisi tunaofundisha fasihi tunajua kwamba maana haikai katika maneno peke yake. Hukaa pia baina ya msemaji na msikilizaji, katika yale wanayojuana. Mnunuzi wa hati alisoma kwamba hakuna dhamana, kisha akaitazama ile ruhusa ya Hazina, akawatazama wajumbe walioteuliwa na Rais, akautazama ukubwa wa kampuni zenyewe, akaona kwamba Serikali haitathubutu kuziacha zianguke. Akazikopesha kwa riba iliyokaribia ile anayoitoza Serikali yenyewe. Mtu akiapa kwamba hamjui jirani yake, na jirani huyo anaingia nyumbani kwake kila usiku bila ya kubisha hodi, watu huamini macho.

Faida ya imani hiyo ilipimwa. Ofisi ya Bunge la Marekani inayochunguza bajeti ilitoa taarifa mwaka wa 1996, ikakadiria kwamba dhamana hii isiyotamkwa ilikuwa na thamani ya dola bilioni 6.5 katika mwaka wa 1995 peke yake. Kiasi cha bilioni 4.4 kiliwafikia wanunuzi wa nyumba kwa njia ya riba nafuu. Bilioni 2.1 zilizobaki zilikwama njiani, mikononi mwa wenye hisa na wakuu wa kampuni. Basi kila hisani ya theluthi mbili iliyomfikia mwananchi, theluthi moja ilimwagikia mchukuzi. Mchukuzi wa namna hiyo kwetu angeulizwa.

Na nani wa kumwuliza? Mwaka wa 1992 Bunge lilitunga sheria ya kuweka mwangalizi, ofisi iliyojulikana kwa kifupi chake, OFHEO. Naomba msomaji aitazame ofisi hii vizuri, kwani ubishi wangu wote umeegemea hapo. Wengi husema kwamba msiba wa mwaka 2008 ulitokea kwa sababu mwangalizi alilala. Mimi nasema kwamba mwangalizi alizaliwa akiwa amefungwa mikono, na waliomfunga walijua wanachokifanya. Sheria ile ile iliyomweka ndiyo iliyoandika kipimo cha mtaji: dola mbili na nusu kwa kila mia ya mali iliyomo katika vitabu, na senti 45 tu kwa kila dola mia ya rehani ambazo kampuni imezidhamini na kuziuza. Mwangalizi hakupewa mamlaka mapana ya kulipandisha sharti hilo kama waangalizi wa mabenki walivyopewa. Fedha za ofisi yake zilitozwa kutoka kwa kampuni zenyewe, lakini hakuweza kuzitumia hata senti mpaka Bunge limpitishie kila mwaka. Na Bungeni kampuni zilikuwa na marafiki. Waangalizi wa mabenki hawakuwekewa kamba hiyo.

Marafiki hao hawakupatikana kwa dua. Tume iliyoundwa kuuchunguza msukosuko wa fedha, iliyotoa taarifa yake mwezi wa Januari 2011, ilieleza kuwa baina ya mwaka 1999 na 2008 kampuni mbili hizi zilitumia zaidi ya dola milioni 164 katika kuwashawishi watunga sheria. Mwaka wa 2006 Freddie Mac ilitozwa faini ya dola milioni 3.8 na tume ya uchaguzi kwa kuchangisha fedha za wanasiasa kinyume cha sheria, faini iliyokuwa kubwa kupita zote ambazo tume hiyo ilikuwa imewahi kutoza. Fikiri, ndugu msomaji: fedha za ushawishi zilitokana na faida, faida ilitokana na riba nafuu, na riba nafuu ilitokana na dhamana ya raia. Raia ndiye aliyeinunua kamba ya kumfungia mlinzi wake.

Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wazee. Daftari lilikuwako, lililokosekana ni ukweli ndani yake. Mwaka wa 2003 ilifunuliwa kwamba Freddie Mac ilikuwa ikificha faida, kiasi cha dola bilioni 5, ili hesabu zake zionekane zikipanda polepole bila ya mawimbi, na ikatozwa faini ya dola milioni 125. Watu waliicheka kidogo, maana si desturi mfanyabiashara kuficha faida. Cheko likakoma mwezi wa Septemba 2004, OFHEO ilipotoa taarifa juu ya Fannie Mae.

Katika taarifa hiyo mna jambo moja la mwaka wa 1998 ambalo ningependa kila mwanafunzi alijue. Mwaka huo riba zilishuka, watu wengi wakalipa mikopo yao mapema, na kampuni ikatakiwa iandike gharama ya dola milioni 400 hivi. Iliandika milioni 200, nyingine zikaahirishwa. Kwa nini nusu? Wakuu wa kampuni walikuwa wameahidiwa bakshishi ya mwisho wa mwaka, na ili waipate yote kwa ukamilifu ilihitajiwa kila hisa iwe imepata dola 3.23. Hesabu ilipofungwa, kila hisa ilionekana imepata dola 3.2309. Lengo lilipitwa kwa chini ya sehemu ya kumi ya senti moja. Mshale uliopigwa kutoka mbali na kuingia katika tundu la sindano humfanya mtazamaji ajiulize kama tundu halikutobolewa baada ya mshale. Mwezi wa Mei 2006 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 400, na mwisho wa mwaka huo ikazisahihisha hesabu zake za nyuma, zikapungua kwa dola bilioni 6.3. Taarifa ya mwaka huo ilieleza kwamba mkuu wa kampuni alikuwa amelipwa zaidi ya dola milioni 90 tangu 1998 hadi 2003, na kwamba zaidi ya milioni 52 kati ya hizo zilifungamana na faida ya kila hisa.

Haya yaligunduliwa na yule yule mwangalizi aliyefungwa mikono, na kwa hilo anastahili shukrani. Lakini baada ya ugunduzi, sheria haikubadilishwa mwaka wa 2004, wala 2005, wala 2006, wala 2007. Miswada ililetwa, ikazimwa. Katika miaka hiyo hiyo kampuni, kwa kuona wafanyabiashara wa Wall Street wakiwapita, ziliingia nao katika rehani dhaifu, rehani za wakopaji ambao mapato yao hayakuthibitishwa kwa hati kamili. Kufikia mwisho wa mwaka 2007, ukijumlisha rehani walizozishika na walizozidhamini, kampuni hizi zilikuwa na dola moja ya mtaji kwa kila dola 75 za mzigo.

Wako wanaosema kwamba maafa yalitokana na huruma: kwamba Serikali iliziamuru kampuni ziwakopeshe maskini. Hoja hii hupendwa sana na watu ambao hawajapata kukopa. Ni kweli kwamba sheria ya 1992 iliweka malengo ya kuwasaidia watu wa kipato cha chini na cha kati, yakapandishwa hadi asilimia 50 mwaka wa 2001 na asilimia 56 mwaka wa 2008. Ni kweli pia kwamba mjumbe mmoja wa ile tume ya uchunguzi, Peter Wallison, aliandika maoni yake peke yake akizitwika siasa za nyumba lawama kubwa. Lakini wajumbe sita kati ya kumi waliona vingine: kampuni zilichangia msukosuko, hazikuwa chanzo chake kikuu, na mikopo iliyotolewa kwa ajili ya malengo yale ilichangia hasara kwa kiasi kidogo tu. Bakshishi ya dola 3.23 haikuwekwa kwa ajili ya maskini.

Mwezi wa Julai 2008 Waziri wa Fedha, Henry Paulson, aliliomba Bunge uwezo wa kuziokoa kampuni. Aliwaeleza maseneta kwamba mtu akijulikana kuwa na silaha kubwa mfukoni, huenda asihitaji kuitoa. Haikupita miezi miwili akaitoa. Tarehe 7 Septemba 2008 ilitangazwa kuwa Fannie Mae na Freddie Mac zimewekwa chini ya wasii, naye ni mwangalizi mpya aliyeundwa na sheria ya Julai, FHFA. Hazina ikaahidi kuzijaza mtaji, ikachukua haki ya kununua asilimia 79.9 ya hisa kwa bei ya bure. Dhamana iliyokanwa kwa chapa miaka arobaini ikalipwa kwa siku moja. Na kwa kuwa haikutamkwa kamwe, hakuna aliyewahi kuitoza ada, hakuna aliyewahi kuikadiria katika bajeti, wala hapakuwa na mbunge hata mmoja aliyepiga kura ya kuikubali.

Walipwa kodi waliambiwa kuwa huo ni mpumziko mfupi wa kufikiri. Mwaka wa 2025 ulimalizika na wasii bado yuko. Miaka kumi na saba! Yatima wa Kiislamu akifika balehe na kuonekana ana akili hukabidhiwa mali yake, na wasii husomewa hesabu mbele ya watu. Huyu wa Marekani ni mwangalizi wa kampuni, na papo hapo ndiye anayeziendesha kampuni. Mwaka wa 2012 Hazina na wasii waliafikiana kwamba karibu faida yote ya kampuni iende Hazina. Wenye hisa wakashtaki. Mwaka wa 2021 Mahakama Kuu ya nchi ile ikaamua kwamba Rais anaweza kumwondoa mkurugenzi wa FHFA apendapo, na mkurugenzi aliyekuwapo akaondolewa siku ile ile. Mwezi wa Machi 2025 mkurugenzi mpya, William Pulte, alijiweka mwenyekiti wa bodi ya Fannie Mae, na mwenyekiti wa bodi ya Freddie Mac. Kesi ya ngedere ilikuwa ikipelekwa kwa nyani. Sasa nyani amehamia kabisa nyumbani kwa ngedere.

Kuna jibu moja ambalo hutolewa kwa kiburi: Hazina imepata. Ilitoa dola bilioni 191, imekwisha kupokea zaidi ya bilioni 300. Basi mnalalamika nini? Nalalamika kwamba faida imefanywa kuwa jawabu la swali la hesabu. Wasii aliyeiongeza mali ya yatima bado ana wajibu wa kufungua vitabu, na anayesema "mali imeongezeka, msiniulize" ndiye wa kuulizwa kwanza. Tena vitabu vyenyewe haviafikiani. Tangu mwaka wa 2009 ile ofisi ya bajeti ya Bunge imezihesabu kampuni hizi kama sehemu ya Serikali. Ofisi ya bajeti ya Rais imeendelea kuzihesabu kuwa ziko nje. Serikali moja, madaftari mawili, na katika moja mzigo wa matrilioni ya dola upo, katika la pili haupo. Hila ya 1968 haijazikwa.

Dawa ninayoitaka si ngumu kuitaja, ijapokuwa ni ngumu kwa wanasiasa kuimeza. Kama nchi inadhamini, na itamke kwa sheria: inadhamini deni gani, hadi kiasi gani, kwa ada gani inayolipwa kila mwaka na kuandikwa katika bajeti. Kama haidhamini, na ivunje ile ruhusa ya Hazina na upendeleo wote ulioifanya dunia isadiki kinyume. Na mwangalizi apewe fedha zake bila ya kupita mikononi mwa rafiki za anayeangaliwa, awe na muda wa kazi unaojulikana, wala asikae katika kiti cha anayeangaliwa hata kwa siku moja.

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi atauliza haya yanatuhusu nini. Yanatuhusu. Tanzania ilikuwa na Benki ya Nyumba tangu 1973, ikafa 1995, na tangu 2010 tuna kampuni ya kuyapatia mabenki fedha za muda mrefu za rehani, Tanzania Mortgage Refinance Company. Kenya iliunda yake, Kenya Mortgage Refinance Company, mwaka wa 2018, na Serikali ni mmoja wa wenye hisa. Ni vijana wadogo mno mbele ya majitu yale ya Marekani; wanasimamiwa na benki kuu, na sina neno la kuwashutumu. Lakini ukoo ni mmoja: fedha hukusanywa sokoni, kwa kusudi ambalo Serikali imelibariki, ili mwananchi apate nyumba. Hati zao za deni zimekwisha kufika katika masoko ya hisa ya Dar es Salaam na Nairobi, na Fannie Mae nayo ilikuwa ndogo mwaka wa 1938.

Wanafunzi wanaoniletea tasnifu zenye lile neno la ufadhili nitawarudishia. Na yule anayetafuta mada, aanze na hati hizo za kwetu. Azisome neno kwa neno pamoja na sheria zilizoziruhusu, aandike ni nani aliyejifunga kulipa, kwa kiasi gani, na mbele ya nani. Na mahali ambapo hapakuandikwa kitu, aandike kwamba hapakuandikwa, kabla soko halijaanza kupasoma kwa namna yake.